Jina Kutoka Orodhani Si Mkopo wa Miaka Mitatu

Mada iliyowasilishwa na Divisheni ya Elimu ya Sekondari ya Halmashauri mbele ya wazazi, walezi na vijana wanaosoma au wanaotarajia kujiunga na vyuo vya elimu ya juu



Siku Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu inapotoa orodha ya waliopangiwa mikopo, habari husambaa kijijini kabla jua halijatua. Jina limetoka. Bibi hupigiwa simu, jirani huja kutoa pongezi, na baba aliyekwisha kumpata mnunuzi wa ng'ombe wake hughairi kuuza. Furaha hiyo ni halali kabisa. Lakini nyuma yake mara nyingi hukaa dhana moja isiyo sahihi, nayo ni kwamba Serikali imekwisha kumbeba kijana na itamlipia mpaka siku ya kuvaa joho.

Sivyo ilivyo. Mkopo aliopangiwa mwanafunzi katika mwaka wa kwanza ni wa mwaka wa kwanza. Ili aupate wa mwaka wa pili sharti awe amefaulu mitihani inayomruhusu kuingia mwaka wa pili, na vivyo hivyo kwa mwaka wa tatu na inayofuata. Mwanafunzi anayeendelea na masomo hatakiwi kuomba upya, na hapo ndipo wengi hupotea: kwa kuwa hakuna fomu ya kujaza, huonekana kana kwamba hakuna sharti la kutimiza. Sharti lipo, na linajazwa kwa matokeo ya mitihani badala ya kalamu.

Inafaa kueleza kwanza jinsi fedha hizo zinavyotembea, maana asiyejua njia hajui mahali zinapokwama. Ada ya masomo huenda chuoni moja kwa moja. Fedha za chakula na malazi, ambazo vijana huziita bumu, pamoja na za vitabu na viandikwa, humfikia mwanafunzi mwenyewe kwa awamu, baada ya kusajiliwa chuoni na kuthibitisha kuwa yupo. Mwaka wa masomo unapokwisha, chuo hupeleka matokeo ya wanufaika kwenye Bodi. Bodi haisahihishi mitihani wala haiongezi alama. Hupokea kile ambacho chuo kimesema: huyu amefaulu na anaendelea, huyu ana masomo ya kurudia, huyu ameahirisha, huyu ameondolewa. Jina ambalo chuo hakikulipeleka, au kimelipeleka likiwa na matokeo pungufu, haliwezi kulipiwa kama majina mengine, hata kama mwenye jina ni kijana hodari kuliko wote darasani.

Kwa sababu hiyo, mzazi anayefunga safari hadi Dodoma au Dar es Salaam kulalamika kwamba mtoto wake hajapata bumu, mara nyingi huambiwa arudi chuoni. Hafukuzwi. Anaelekezwa mahali ambapo tatizo limelala. Kila chuo chenye wanufaika kina dawati la mikopo, na hapo ndipo pa kuanzia. Rufaa kuhusu kiasi cha mkopo hupelekwa Bodi, rufaa kuhusu alama hupelekwa chuoni, na anayezichanganya hizo mbili hupoteza wiki ambazo pengine hanazo.

Sasa kuhusu kufaulu kwenyewe. Katika vyuo vikuu vyetu matokeo hupimwa kwa wastani unaoitwa GPA, ambao kilele chake ni 5. Alama A huhesabiwa pointi 5, B+ pointi 4, B pointi 3, C pointi 2, D pointi 1, na E haina kitu. Pointi za kila somo huzidishwa kwa uzito wa somo hilo, zikajumlishwa, kisha zikagawanywa kwa jumla ya uzito. Shahada ya daraja la mwisho la kufaulu huanzia wastani wa 2.0. Hiyo ndiyo sakafu.

Chukueni mfano wa wanafunzi wawili wenye masomo sita yenye uzito sawa. Wa kwanza amepata B+ moja, B mbili, C moja, na E mbili. Pointi zake ni 12, na zikigawanywa kwa 6 wastani ni 2.0. Wa pili amepata C nne, D moja na E moja. Pointi zake ni 9, na wastani wake ni 1.5. Wote wawili wameshindwa masomo mawili, na wakipiga simu nyumbani wote watasema maneno yaleyale: "Nina sapu mbili." Hata hivyo hawako mahali pamoja. Wa kwanza akifaulu mitihani ya marudio ataendelea na safari. Wa pili yuko ukingoni, kwa maana vipo vyuo vilivyoweka kiwango cha chini cha wastani ambacho mwanafunzi akikikosa katika mitihani ya kwanza huondolewa bila hata kupewa nafasi ya marudio. Vijana wana neno la hali hiyo: kudisko. Mzazi aliyezoea kuuliza "umefeli mangapi?" angepata habari kamili zaidi kwa kuuliza "wastani wako ni ngapi, na chuo chenu kinataka ngapi?"

Sapu yenyewe haina aibu, na katika vyuo vingi haimwondoi mtu kwenye orodha ya wanufaika akiifaulu. Ina gharama mbili tu zinazofaa kujulikana. Ya kwanza ni kwamba alama ya juu inayotolewa kwa mtihani wa marudio kwa kawaida ni C, hata mwanafunzi akipata mia kwa mia. Ya pili ni muda. Mitihani ya marudio hufanyika mwishoni mwa likizo ndefu, wakati wengine matokeo yao yamekwisha kukamilika. Matokeo ya sapu yakichelewa kutoka, na jina huchelewa kuthibitishwa, na fedha za awamu ya kwanza huweza kuchelewa pia. Familia yenye mwanafunzi mwenye sapu ingefanya vema kuweka akiba ya nauli na chakula cha mwezi mmoja au zaidi, asije akafungua mwaka akiwa na njaa na kuanza kukosa vipindi. Anayekosa vipindi Novemba hukutwa na sapu nyingine Februari.

Anayetakiwa kurudia mwaka mzima yuko katika hali nyingine kabisa. Huyo hakusonga mbele, na kusonga mbele ndiko sharti lenyewe. Asiuanze mwaka huo kwa matumaini kwamba bumu litaingia kama kawaida. Aende dawati la mikopo la chuo kabla hajapanga chumba, aulize hali yake kwa maandishi, na nyumbani waambiwe jibu kama lilivyo.

Kushindwa mitihani, hata hivyo, si mlango pekee ambao mikopo hutokea. Upo mlango mwingine, nao ndio uliofanya mada hii iletwe kwenye mkutano wa kata badala ya kuachwa huko vyuoni. Mlango huo ni ukimya.

Fikirieni binti wa mwaka wa pili ambaye mama yake ameugua katikati ya muhula. Yeye ndiye mkubwa nyumbani. Anapanda basi, anarudi kuuguza. Wiki moja inakuwa tatu, tatu zinakuwa saba. Majaribio ya muhula yanampita, mitihani inafika, yeye yuko hospitali ya wilaya akiosha vyombo na kubeba maji. Hakuna atakayesema binti huyo amefanya vibaya. Kijiji kizima kinamsifu. Chuoni lakini hakuna anayejua. Kwenye daftari la chuo yeye ni mwanafunzi ambaye hakutokea kwenye mitihani bila sababu, na kwa kanuni za vyuo vingi, kutofanya mtihani bila ruhusa ni kosa linaloweza kumwondoa mtu masomoni. Mwenzake aliyekaa darasani muhula mzima akafeli masomo mawili yuko salama kuliko yeye.

Barua moja ingebadilisha hali hiyo. Kila chuo kina utaratibu wa kuahirisha mitihani au masomo kwa sababu ya maradhi, msiba, uzazi au shida nyingine nzito. Mwanafunzi huandika maombi, huambatisha uthibitisho, na chuo hutoa barua ya kumruhusu. Barua hiyo ndiyo kinga yake kwa chuo na kwa Bodi. Aliyeahirisha kwa ruhusa hutambuliwa kuwa ameahirisha. Anaporejea hupeleka barua ya kuahirisha na ya kurejea, na mkopo wake hushughulikiwa kwa msingi huo. Aliyeondoka kimya hana karatasi ya kuonyesha, na kuyaeleza mambo ya mwaka jana bila karatasi ni kazi ngumu sana mbele ya ofisi yoyote.

Hapo ndipo ofisi za karibu zinapohusika. Uthibitisho wa ugonjwa hutoka kwa daktari wa hospitali au kituo cha afya, nao unapaswa kuombwa wakati mgonjwa yupo wodini, si miezi sita baadaye wakati mganga aliyemtibu amekwisha kuhamishwa. Uthibitisho wa msiba au wa janga la moto na mafuriko huanzia kwa Mwenyekiti wa Kijiji au wa Mtaa, ukapita kwa Mtendaji. Watendaji wa vijiji na kata wanaombwa kuzipa barua hizi uzito uleule wanaozipa barua za dhamana. Na barua isiyo na tarehe, muhuri na jina kamili la mwanafunzi kama lilivyo kwenye cheti cha kidato cha nne humrudisha kijana nyumbani kwa basi la siku mbili.

Neno hilo la majina lisidharauliwe. Mtu aliyesajiliwa chuoni kwa majina matatu, benki kwa mawili, na kwenye kitambulisho cha taifa kwa herufi iliyopotoka, atakuwa na matatizo ya fedha hata kama wastani wake ni 4.5.

Mlango wa tatu uko mfukoni mwa mzazi. Mikopo hutolewa kwa kadiri ya uhitaji, na si kila mnufaika hupewa ada yote. Tuseme ada ni shilingi 1,300,000 kwa mwaka na mwanafunzi amepangiwa asilimia 60 yake. Bodi italipa 780,000. Zilizobaki, 520,000, ni za familia. Wengi huzisahau, kwa sababu jina limetoka. Muhula wa pili unapofika ukingoni, mwezi wa Juni au Julai, vyuo vingi huwazuia wenye deni la ada wasiingie kwenye mitihani, au huyashikilia matokeo yao mpaka walipe. Matokeo yaliyoshikiliwa hayaendi popote, na mkopo wa mwaka unaofuata husubiri hapo hapo. Yaani laki tano zilizokosekana nyumbani huweza kuzuia fedha nyingi zaidi zilizokwisha kutengwa kwa ajili ya mtoto. Kwa wakulima wa mahindi ugumu unaeleweka: ada hudaiwa wakati mahindi bado yanakauka au bei iko chini kuliko wakati wowote. Vyuo vingi hukubali kulipwa kwa awamu, lakini makubaliano hayo hufanywa mwanzoni mwa muhula na mwanafunzi mwenyewe, kwa maandishi. Kumpigia mhasibu simu asubuhi ya mtihani si makubaliano.

Mlango wa nne unaigusa Halmashauri yenyewe, na itakuwa unafiki kuupita. Kila mwaka wanafunzi hufika katika divisheni na vitengo vya halmashauri, shule, zahanati na ofisi za kata kwa ajili ya mafunzo kwa vitendo. Mafunzo hayo yana alama kama somo jingine. Mwanafunzi huja na daftari la kuandika kazi za kila siku, na msimamizi wake hutakiwa kulisaini na kujaza fomu ya tathmini. Pale msimamizi anaposafiri bila kumkabidhi mtu kazi hiyo, au fomu inapolala mezani chini ya mafaili, kijana hurudi chuoni na somo lisilo na alama. Matokeo yake huwa pungufu, na yaliyoelezwa hapo juu kuhusu matokeo pungufu humfika bila kosa lake. Wasimamizi wamekumbushwa kusaini kila wiki badala ya kusubiri siku ya mwisho. Wanafunzi nao wasione haya kukumbusha. Kumwambia ofisa "shikamoo mzee, naomba unisainie daftari" si utovu wa adabu.

Ndugu vijana, lipo jambo ambalo mara nyingi hujulikana likiwa limechelewa. Anayeondolewa chuoni haondolewi deni. Fedha zilizokwisha kulipwa kwa ajili yake, ada na chakula na vitabu, zinabaki kuwa mkopo, na sheria humtaka azirejeshe aliyemaliza masomo na aliyeyakatiza pia. Akiajiriwa, mwajiri hukata asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi kila mwezi. Kwa mshahara wa 600,000 hiyo ni 90,000. Mwenye shahada hukatwa akiwa na mshahara wa shahada, ilhali aliyekatizwa mwaka wa pili hukatwa kutoka kwenye kipato cha mtu asiye na cheti. Uchungu wa kudisko uko hapo zaidi kuliko kwenye maneno ya majirani.

Wapo pia waliokatiza masomo miaka ya nyuma na ambao hujificha kwa kuamini kwamba deni limefura lisilipike. Hao wanafaa kujua kwamba tozo ya kutunza thamani ya mkopo, iliyokuwa asilimia 6 kwa mwaka, ilifutwa mwaka 2021. Mtu anaweza kuiomba Bodi taarifa ya deni lake na kuanza kulipa kwa utaratibu unaojulikana. Mfuko huu ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 2004 ili marejesho ya waliotangulia yawasomeshe wanaofuata, na ndiyo sababu Bodi hudai matokeo kila mwaka: shilingi inayokwenda kwa asiyesoma ni shilingi aliyonyimwa kijana mwingine wa kata kama hii.

Machache kwa makundi mengine. Tangu mwaka wa masomo wa 2023/2024, mikopo hutolewa pia kwa baadhi ya kozi za stashahada, zikiwemo za afya, ualimu, kilimo na mifugo. Huko nako anayeendelea hupimwa kwa matokeo yake. Wale waliopata ufadhili wa Samia kwa ufaulu wa juu wa masomo ya sayansi katika kidato cha sita wasijilinganishe na wenzao wa mkopo, kwa maana ufadhili huo hautosheki na kufaulu tu. Unadai wastani wa juu, na kiwango chake kimeandikwa katika mwongozo. Kausomeni mwongozo huo mwanzoni mwa mwaka, mkiwa bado na nafasi ya kuufikia.

Katika muda wa maswali, mzazi mmoja aliuliza kama chuo humpigia mzazi simu mambo yanapoharibika. Jibu lililotolewa ni kwamba mzazi asitegemee hivyo. Mwanafunzi wa chuo ni mtu mzima mbele ya sheria, na matokeo huwekwa kwenye akaunti yake ya mtandaoni ambayo yeye ndiye mwenye nywila. Mzazi hana mlango wa kuingilia isipokuwa kupitia kwa mtoto. Wazazi walishauriwa kumwomba kijana, kila anaporudi likizo, afungue akaunti hiyo kwenye simu, wakae pamoja jamvini, na amsomee mzazi mambo matatu: wastani wake, masomo yaliyobaki, na salio la ada. Akisema mtandao unasumbua, asubiriwe mpaka usiku unapotulia.

Mzazi mwingine alitaka kujua afanye nini ikiwa kijana anakataa kuifungua. Aliambiwa asimgombeze mbele ya wadogo zake, bali amtafute shangazi au mjomba ambaye kijana humwambia mambo yake, na jambo hilo lifanyike wiki hiyo hiyo, kwa kuwa maombi ya kuahirisha masomo na ya kukata rufaa ya alama yana siku zake za mwisho, na siku hizo hubandikwa kwenye ubao wa chuo ambao mzazi hauoni.